Siku Isukuti Ilipoitwa Kazi

Mume wangu Shikanga amepiga isukuti tangu ujana wake, na hakuwahi kuiita kazi. Ngoma zenyewe, tatu, zimewambwa ngozi ya kenge, aliachiwa na baba yake. Matanga yakitokea upande wa Lubao, yeye ndiye aliyeitwa. Wafiwa wakitaka kumshukuru walificha noti chini ya mkanda wa ngoma. Zikianguka nyumbani ananiambia, "Mama Isaiah, hizi sijui zimetoka wapi." Mimi nazichukua, nanunua unga. Tuliishi hivyo kwa heshima. Akiulizwa kazi yake, alisema ni mkulima wa miwa, na miwa yenyewe ilikwisha zamani.

Halafu kijana wetu Isaiah akachukua pikipiki kwa mkopo, baba yake akamdhamini. Isaiah akashindwa kulipa, korti ikaamua, na asubuhi moja dalali akaingia kwetu, jina lake Onesmus. Majirani walimfuata mpaka mlangoni kama watu wanaofuata bibi harusi.

"Leo naandika tu," alisema. "Msipolipa kwa siku saba, narudi na gari."

Akaandika makochi, akaandika televisheni. Sufuria na kitanda akavipita.

"Na hicho kitanda mbona unakiogopa?" akauliza Milcah, jirani yetu asiyejua kunyamaza.

"Sheria imenikataza, mama. Vyombo vya kupikia, matandiko, na kifaa mtu anachotafutia riziki, hivyo sigusi." Kisha akaona ngoma ukutani. "Mzee, hizi ni za kazi ama ni za urembo?"

Shikanga akazitazama ngoma.

"Kama ni za urembo naziandika. Zitapata mnunuzi haraka."

"Ni za baba yangu."

"Hilo si jibu, mzee."

Nikamwambia kwa lugha yetu, polepole, "Baba Isaiah, sema."

Akawaangalia majirani mmoja mmoja. Wengi wao amewazikia wazazi.

"Ni kazi," akasema.

"Unalipwa?"

"Nalipwa."

Milcah akapiga makofi. "Kumbe! Siku ya mama yangu ulilia mpaka tukakuletea kiti. Kumbe ulikuwa kazini!"

Wakacheka wote. Onesmus hakucheka. Alikunja karatasi yake akaenda, na aliporudi na gari alibeba makochi na televisheni, ngoma zikabaki ukutani.

Haikupita muda, Makhanu wa ng'ambo ya mto akafiwa na baba yake, akatuita. Kabla Shikanga hajavaa mkanda, Makhanu akamjia mbele ya waombolezaji, pesa mkononi, vile mtu huwalipa wapakiaji wa miwa. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amesikia tu.

"Mzee, bei yako ya leo ni ngapi?"

Shikanga akaitaja. Aliitaja kwa sauti ya chini sana hata Makhanu akamwomba arudie, na mimi nikainama, nikajifanya nafunga leso yangu.