Waya Usio na Shaba

Najua utasema joto la Garissa limenipanda kichwani. Sema utakavyo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, umeme nimeufundisha miaka kumi na moja, na sina sababu ya kukutungia jambo linaloniaibisha mwenyewe. Haya yalinipata nyumbani kwangu Waberi, likizo ya Agosti, mchana kweupe. Mke wangu Mwende yupo. Muulize, ingawa sidhani atakujibu.

Nianze na wivu, kwa sababu bila wivu hakuna ambacho kingetokea.

Kwetu ni Mwingi. Nilipohamishiwa huku nilijiahidi kitu kimoja cha kunituliza: muziki wa maana nyumbani. Nikajinyima mpaka nikapata amplifaya na spika mbili zinazonifika kiunoni. Basi kila nikiwasha, chini ya muziki kulikuwa na mngurumo. Mmmm, mmmm, kama nyuki ndani ya debe. Na ng'ambo ya ukuta alikaa Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa Eldas, mwenye deki kuukuu ya kaseti na spika zilizochubuka rangi. Kwake hakukuwa na mngurumo hata kidogo.

Kaseti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya marehemu babake. Kuna ndugu yao alimrekodi mzee kisimani akiwaimbia ngamia mashairi. Abdi huiweka kila saa kumi jioni. Mimi sikuelewa neno, maana Kisomali changu wakati huo kiliishia kwenye salamu na bei ya nyama. Lakini ungemsikia mzee yule! Ungesikia akivuta pumzi. Ungesikia ndoo ikigonga jiwe.

Siku moja Mwende alirudi kutoka kwa Abdi, alikokuwa akinywa chai na mke wake, Halima. Akakaa, akavua viatu, akaniambia, "Kule mzee anasikika kama ameketi mbele yako. Hii yako ni kama mtu anaimba ndani ya friji."

Alikuwa anatania. Unajua maneno kama hayo yanavyomkaa mtu rohoni? 

Nikaushuku waya wa umeme. Ule uliokuja na amplifaya ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Nikanunua mnene, wa shaba tupu, kwa wauza vifaa vya ujenzi mjini. Mngurumo ukabaki. Nikaagiza mwingine Nairobi, uliosukwa juu kama mkeka, plagi yake nzito mkononi. Ukaja na basi. Besi ikakaza kidogo, au labda nilijidanganya, lakini mngurumo ulikuwepo. Nikamwita fundi anivutie laini ya peke yake kutoka kwenye mita. Bado. Na jioni, ng'ambo ya ukuta, mzee wa Abdi anaimba safi kabisa, hana habari na mimi.

Utaniuliza, kwa nini usiende kumuuliza Abdi? Ningemuuliza vipi? Mimi ndiye mwalimu wa fizikia. Yeye mwenyewe ananiita "brofesa."

Sasa sikia. Siku yenyewe ilikuwa baada ya adhuhuri, ile saa mji mzima umelala na hata mbuzi wamejibana kwenye vivuli vya kuta. Mwende alikuwa kazini, duka la dawa kule Iftin. Nimechuchumaa nyuma ya amplifaya na bisibisi mkononi, nikahisi mtu. Kugeuka, mwanamume amesimama mlangoni. Mrefu, amevaa koti zito la kijivu katika jua lile, na usoni hana tone la jasho. Begani amezungusha waya mweusi.

Lango langu ni la mabati, hulia hata likiguswa na upepo. Sikulisikia. Uani ni kokoto tupu. Sikusikia hatua. Akaingia, akachutama kando yangu, akaweka koleo la chuma sakafuni. Niliona chuma kikigusa saruji, niamini, na hakikutoa mlio wowote. Nikatazama juu. Feni ilikuwa inazunguka, kimya. Kitu pekee kilichosikika ni sauti ya mtu huyo, karibu sana, kana kwamba anasemea ndani ya sikio langu.

"Unatafuta sauti."

"Wewe ni fundi? Nani amekutuma?"

"Unataka sauti ipi?"

Ningesema nataka sauti safi, yangekwisha. Lakini nilikuwa na miezi mitano ya kijicho tumboni. Nikasema, "Ile ya kwa Abdi."

"Ya kwa Abdi. Yote?"

"Yote."

"Na yeye abaki na nini?"

Nataka ulisikie hilo vizuri: niliulizwa. Nikacheka, nikasema, "Hilo ni lake yeye."

Akachomoa waya wangu wa Nairobi, akachomeka wake. Hakudai chochote. Nilipoinama kuwasha na kuinuka tena, mlangoni hapakuwa na mtu, na feni ikaanza kulia kama kawaida.

Mngurumo ulikuwa umekwisha. Nikaweka wimbo wa kwaya ya kwetu, nikasikia midomo ya waimbaji ikifunguka. Machozi yalinitoka. Halafu wimbo ukaisha, nikachomoa flashi. Ilikuwa saa kumi. Na katika spika zangu, hakuna kinachochezwa, mzee akaanza kuimba. Pumzi zake. Ndoo yake. Ng'ambo ya ukuta, kimya.

Nilipata hofu? Nilipata, kidogo. Lakini nakuambia ukweli ambao sijawahi kumwambia hata mchungaji: zaidi ya hofu, nilifurahi. Nilikunja miguu kwenye kochi, nikasikiliza mpaka mwisho.

Jioni Abdi alibisha, ameshika kaseti kwa mikono miwili.

"Brofesa, hebu tazama hii. Imekufa. Zingine zote zinaimba, hii ya babangu tu ndiyo imekufa."

Nilishaizima yangu, nimefunga na mlango. Nikaigeuza kaseti ile kama daktari, nikamwambia, "Ni joto, Abdi. Kaseti za zamani huchoka." Akashukuru. Alinishukuru, unasikia?

Hivyo siku nne. Saa kumi mzee anakuja kwangu, namsikiliza peke yangu, na Mwende akirudi anakuta nimezima. Siku ya tano alirudi mapema. Akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Huyo si mzee wa Abdi?"

Tukiwa hivyo, mzee akamaliza shairi lake, akakohoa. Siku zote baada ya hapo hunyamaza. Siku hiyo hakunyamaza. Akasema maneno mengine, bila kuimba, kama mtu anayeita akiwa hana hakika kama anasikika. *Aabo, guriga i gee.* Akarudia. Akarudia tena, na kila mara yu karibu zaidi na kitambaa cha spika.

"Chomoa," Mwende alisema. "Chomoa sasa hivi!"

Nikauvuta waya. Ulikuwa baridi kama umetoka kwenye barafu. Nikaukata kwa kisu. Ndani hamkuwa na shaba. Hamkuwa na kitu. Ulikuwa mtupu kama unyasi mkavu.

Mwende hakunipa nafasi ya kufikiri. Akanishika mkono mpaka kwa Abdi. Nikamkuta kwenye mkeka na chupa ya chai, nikamwambia yote, hata kile kicheko. Halima akaweka mkono mdomoni. Abdi akaisogeza kando chupa ya chai.

"Walaal, ndugu yangu, ungekuja kuuliza," akasema.

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Pale ukutani, ule msumari mrefu wa chuma wa kupeleka umeme ardhini ulikuwa umezungukwa na mchanga mbichi.

"Halima anamwaga maji ya vyombo hapa kila siku. Fundi alisema mchanga ikikauka, redio inalia. Ni hiyo tu. Hakuna waya ya maana kwangu."

Somo hilo mimi hulifundisha kidato cha tatu. Hulichora ubaoni.

Tuliporudi ndani akaniuliza mzee alisema nini mwisho. Nikamtajia yale maneno, kwa ulimi wangu huu wa Mwingi. Glasi ilimtoka mkononi.

"Hiyo haiko kwa kaseti," akasema.

"Maana yake nini?"

"Anasema, mtoto wangu, nipeleke nyumbani."

Miaka miwili imepita. Tuliuchoma waya ule, na shehe akaja akasoma. Kaseti haijasema tena. Abdi hakunifukuza wala hakunitukana, na afadhali angefanya hivyo. Anachofanya ni kuja kila Ijumaa baada ya sala. Anaketi, anakunywa chai ya Mwende, halafu ananiambia, "Sema." Nami nasema. Kisomali nimekijua sasa, naweza kuyatamka maneno yale sawasawa, lakini hataki. Anataka kama nilivyoyasikia, hata pale mzee alipositisha pumzi. Wa mwisho kumsikia babake ni mimi na Mwende, na mimi ndiye niliyemwiba. Akiondoka hutembea hadi barabarani na kusimama akitazama huku na huku, kwa sababu babake ameomba kupelekwa nyumbani, naye hajui amtafute wapi.

Basi wewe unayenisikiliza, ukiona mwenzako ana kitu kizuri na roho ikaanza kukuwasha, usikae nayo hata siku moja. Inuka, kabishe hodi, muulize alikipataje, wakati bado unaweza kumtazama usoni.