Hongera ya Msibani

Bosi wangu alikuwa na ugonjwa mmoja: alitaka kila kitu kiwe laivu. Ana duka la vifaa vya umeme mjini Mtwara, alilolirithi kwa baba yake aliyeanzia Mikindani, na sijui nani katika ukoo ule alimwambia kwamba anayeuza nyaya na balbu anaweza pia kugawa habari. Akaniita mimi, binti wa Likombe niliyesomea kompyuta, akanikalisha stoo nyuma ya maboksi ya mafeni. Alitaka tovuti ya kukusanya habari zote za kusini mahali pamoja: za redio, za halmashauri, bei za mnada wa korosho, mpira, harusi, vifo, matangazo ya misikitini. Na habari ikiingia, ijitokeze yenyewe kwenye simu ya msomaji bila yeye kugusa kitu.

"Kama maji ya bomba," alisema.

Nikamwambia maji ya bomba ya kwetu hayana tabia hiyo. Hakucheka.

Tuligombana juu ya jambo moja tu, lakini tuligombana vizuri. Mimi nilitaka habari mpya ikifika isubiri kidogo, na juu ya ukurasa yatokee maneno "Kuna habari mpya, gusa hapa," ili anayesoma amalize anachosoma. Yeye alitaka ianguke hapohapo juu ya zingine na kuzisukuma chini. "Watu waione inavyoingia! Wajue hatulali!" Nikamweleza kwamba msomaji maneno yatamkimbia machoni, na akitaka kubonyeza kitu, kitamkimbia kidoleni. Akajibu kwamba wasomaji wake ni watu wazima na vidole vyao wanavijua. Mwenye duka ndiye mwenye neno. Niliandika programu alivyotaka, huku nikimtukana kwa Kimakonde, lugha ambayo yeye anajua kuhesabia tu.

Vitufe navyo vilikuwa wazo lake. Alisema watu wetu hawana habari ya kuandika maoni. Wao wanatoa pole na hongera, basi. Hapo alisema kweli, nami sikumpinga. Kwa hiyo chini ya kila habari tukaweka vitufe viwili, Hongera juu na Pole chini yake, na ukibonyeza, jina lako linatokea papo hapo kwa kila anayesoma. Nilipendekeza habari za vifo zisiwe na Hongera. "Mashine itajuaje hiki ni kifo?" akauliza. "Na aliyeshindwa uchaguzi je? Huyo si anapewa zote mbili?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Vitufe vikabaki viwili.

Msomaji wetu mwaminifu kuliko wote alikuwa mama yangu. Ana mikorosho yake Ziwani, na alipogundua kwamba bei ya mnada inamfuata mpaka jikoni, alimsamehe bosi wangu kila kitu nilichowahi kumsimulia. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kwa sauti, kama anamsomea mtu aliye chumba cha pili.

Asubuhi moja alisoma kwa sauti hivyohivyo, kisha kidole kikasimama katikati ya mstari. Tangazo lilikuwa la msikiti: amefariki bibi fulani wa Rahaleo, maziko leo baada ya alasiri.

Bibi huyo alikuwa mama mkwe wa rafiki yake. Mama na rafiki huyo walichezwa unyago pamoja, wakakua kama mtu na kivuli chake, mpaka rafiki alipoolewa kwenye nyumba ya yule bibi. Mungu amrehemu marehemu, lakini alikuwa mtihani. Alifungia sukari kabatini, alihesabu vipande vya samaki, na mkwe akichelewa sokoni alimngoja mlangoni kama askari wa zamu. Siku moja harusini mama yangu alishindwa kuvumilia, akamwambia yule bibi mbele ya watu kwamba anamtumikisha mtoto wa mwenzake kama punda. Rafiki yake, ambaye ndiye angelala nyumba ile usiku ule, akasimama upande wa mama mkwe. Tangu hapo hawakusemezana. Mama alikuwa akimwona sokoni anageukia nyanya, akirudi nyumbani anagombana na sufuria.

Sasa bibi amekufa. Mama akasogeza ukurasa mpaka kwenye vitufe.

"Nitampa pole," akasema. "Akiona jina langu, atajua mlango uko wazi."

Akashusha kidole. Na wakati kidole kiko njiani, mnada wa korosho ukatoa bei. Mstari mmoja tu, mwembamba, ukaanguka juu ya ukurasa kwa fahari zote ambazo bosi wangu alizitamani, ukasukuma kila kitu chini. Pale palipokuwa na Pole pakawa na Hongera.

Jina la mama yangu likatokea chini ya tangazo la kifo, peke yake katika safu yake, akimpongeza mfiwa.

Alinitazama. Sijawahi kuogopa hivyo katika kazi hii. Nikamwambia asijali, naenda dukani sasa hivi nalifuta.

"Wameshaona?"

Laivu ndiyo maana yake. Wameshaona.

"Basi usifute. Ukifuta watasema niliandika nikaogopa. Mimi siogopi mtu. Nitakwenda nimweleze mwenyewe kwamba ni mashine, na wewe utakuja utoe ushahidi, maana ni mashine yako."

Nilitaka kusema ni ya bosi, lakini alikwishaanza kutafuta kanga.

Njia nzima ndani ya bajaji alifanya mazoezi ya maneno yake. "Mwenzangu, kidole changu kilikuwa kwenye pole." Hapana. "Mwenzangu, korosho ndiyo iliyosukuma." Dereva akatutazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimejaza simu yangu picha za kuonyesha vitufe vinavyohama, mtaalamu kamili anayekwenda mahakamani.

Tulipofika Rahaleo, wanawake walikuwa wamejaa ukumbini kwenye mikeka. Katikati yao alikuwa amejilaza mtani wa marehemu, mama mmoja wa Kingoni, amejifunika shuka la maiti la kujitungia, anadai hawezi kuamka mpaka alipwe ubwabwa. Watani ndivyo walivyo. Msiba bila wao ni kilio kitupu. Kisha akaketi, akachomoa simu, akasema anataka kuona ni akina nani wamemlilia huyu Mmakonde wake mchoyo. Akaanza kusoma majina. Huyu pole. Huyu pole. Yule wa Likombe pole. Mama na mimi tulikuwa mlangoni, viatu mkononi.

"Na huyu hapa," mtani akapaza sauti, "anasema hongera!"

Akataja jina.

Ukumbi ulicheka. Walidhani amelitunga, kwani mtani anaruhusiwa kutunga lolote. Mbavu ziliwauma, mpaka bibi mmoja mwenye tasbihi akaiweka chini ili acheke vizuri. Ambaye hakucheka alikuwa mmoja tu, mfiwa mwenyewe, rafiki wa mama. Yeye simu yake alikuwa nayo tangu asubuhi, na jina alikwishaliona. Akainuka, akatujia, akamshika mama mkono bila salamu na kumpeleka jikoni uani. Nikawafuata, kwa kuwa ni shahidi.

Jikoni kulikuwa na rundo la muhogo ambalo halijamenywa. Rafiki akafunga mlango.

"Tangu alfajiri napewa pole," akasema. "Pole, pole, pole. Mpaka masikio yananiuma. Nimeosha maiti yake, nimemkunjia mikono, na wote wananiambia nimempoteza mama. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeishije humu ndani."

Akauma pembe ya kanga, mabega yakatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Kisha kweli akalia, mambo yote mawili kwa pamoja, na mama akamshika kiuno asianguke kwenye mafiga.

Alipotulia, akajifuta uso.

"Niambie kweli, mwali mwenzangu. Uliandika kwa makusudi?"

Mama akanigeukia. Nilikuwa nimeshaitoa simu, picha ya kwanza iko tayari. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto, wageni wamefika na sukari imekwisha, nisije nikasema.

"Kwa makusudi kabisa," akasema mama yangu. "Hata nilijiuliza, mbona hakuna sehemu ya kubonyeza mara mbili?"

Nikazima simu, nikavuta kisu, nikaanza kumenya muhogo.