Mkonge Usio na Alama

Juzi nilikuwa Likoni nikingoja feri, barazani kwa wakala anayeuza hisa za shamba la mkonge. Mambo ya hisa nayajua kuliko mabenki yote ya kisiwani, ingawa darasa la tatu lilinishinda.

Akaja mzee mmoja mkulima na mkewe. Mzee anataka kuuza minazi yake yote anunue hisa, na mnunuzi wa minazi keshafika. Wakala kamshika mzee dole gumba, kalichovya wino. Wallahi, joto la pale lingeivisha wali!

"Ngoja kwanza," mkewe akasema. "Mkonge wetu ni upi, tukautie alama?"

Huku kwetu mnazi una mwenyewe hata ukiwa shamba la mtu, na alama huchongwa kwenye shina.

Wakala akacheka. "Hisa haina alama, mama. Una sehemu ya shamba zima."

"Ukifa mkonge wa kule mwisho, na wangu umekufa?"

"Kidogo."

"Na bei ikishuka, nani atakuja kuniambia?"

Dole la mzee limebaki hewani, wino unadondoka.

"Bwana wee," akamwambia mumewe, "mkonge ukikataa, watoto watakula nini?"

Mzee akamgeukia mnunuzi. "Chukua minazi ya bondeni. Ya nyumbani niachie." Ndipo akatia dole, kwa hisa chache. Wakala alinuna kama kameza papa mzima.

Nikamwambia yule mama ndivyo hasa nilivyotaka kuwashauri. Akanitazama toka kofia mpaka makubadhi.

"Na wewe mjuzi, hisa unazo ngapi?"

Wasomaji wangu, feri ilikuwa inaondoka.