Mita ya Chumba cha Kinyozi

Siku fundi viatu alipomwona dobi kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo aliingia uani na pasi mkononi na bintiye mgongoni, akauliza chumba kitupu ni kipi. Fundi viatu, mtu wa haya, alionyesha kwa kidole tu.

Nyumba ile ilikuwa na mita moja, na bili waligawana sawa kwa sawa. Ubaya wa pasi ya dobi, ikiwashwa jioni, taa za nyumba nzima zilififia. Basi kinyozi wa chumba cha mbele akambandika jina: Mchwa. Anatafuna umeme kimyakimya, alisema, mtaamka nyumba imekuwa vumbi. Watu wakacheka. Mtoto naye akawa Kimchwa.

Mwishowe kinyozi akadai kila chumba kifungwe mita yake ndogo, mlaji aonekane mchana kweupe. Alidhani dobi atakataa. Dobi akakubali, ila akatia sharti: atakayewapita wenzake akatiwe umeme, asirudishiwe tena.

"Asirudishiwe," kinyozi akaitikia wa kwanza. "Kwani nani ataona huruma na mchwa?"

Ufunguo wa kisanduku cha mita akapewa fundi viatu, kwa kuwa hakuwa na rafiki wala adui.

Kumbe dobi ndiye aliyemfulia kinyozi mashuka. Pindo zilikuwa zimeungua, zinanuka maharage. Mtu halali na maharage. Chini ya kitanda kulikuwa na jiko la umeme, likitokosa mchana kutwa, taa zikiwa zimezimwa. Nani angeona zikififia? Dobi hakumwambia mtu. Aliyasuuza mashuka, akayakunja vizuri, akangoja.

Mwezi ulipokwisha, mita ya kinyozi ilikuwa imeziacha zote mbali, hata ya dobi. Fundi viatu akakata. Mashine ya kunyolea ikanyamaza, wateja wakahamia kwingine. Majirani wakaja kusuluhisha: yaishe, mama, kosa moja haliachi mke. Dobi akawajibu kuwa yeye hakumuoa. Kinyozi mwenyewe akaja, akamwita dada kwa mara ya kwanza. Dobi akaendelea kupiga pasi, akimgeuzia mgongo.

Alipopata chumba kwingine, fundi viatu alimbebea beseni hadi njia panda. Hapo akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama sasa anaweza kumwashia yule bwana, angalau jioni.

Dobi akapokea beseni lake.

"Kaka, usimwashie. Akitaka kulia, mwambie alie dirishani, ndiko kwenye mwanga."