Kemia Imeniaibisha Mbele ya Wifi

Marafiki, leo mdomo wangu umeniponza. Mimi kukhu, yaani nyanya yake, nasema, Nekesa anaandika.

Huyu mjukuu wangu ana mtihani wa kemia kesho. Alikuwa analia ati hakumbuki ni gani inageuka mvuke haraka: kloroethani, bromoethani ama iodoethani.

Nikamuuliza, "Nzito ni gani?"

"Iodo, kukhu. Chembe zake zinashikana sana, inataka moto mwingi ndio ichemke. Kloro hupaa yenyewe tu."

"Sasa unalilia nini? Kloro ni pasta wetu, chai haijapoa ameshaenda. Bromo ni mama wa chama, anakaa kidogo. Iodo ni wifi yangu Rasoa! Alitoka Ndalu wiki jana kunisalimia, mpaka leo ameshikana na kiti changu. Huyo bila moto hatoki!"

Nekesa akacheka. Halafu akatazama mlangoni.

Rasoa alikuwa amesimama hapo, amebeba kunde alizonichumia.

"Nimesikia, wifi," akasema, akaketi kwenye kile kiti. "Si uwashe huo moto basi. Na uweke kuku juu."

Kuku ameiva, bana. Iodo amekula mapaja yote mawili.

Lakini Nekesa hatasahau kesho!

Na iodo wako ni nani? Angalia mlango kwanza ndio useme.