Mtoto Niliyemficha

Iko siku moja, mwanangu, ambayo siwezi kuikumbuka nikiwa nimesimama. Lazima nitafute mahali pa kukaa. Basi kaa nawe. Umekuja kwangu unalia kwamba umeolewa miaka minne na hujapata mtoto, kwamba umechoka kuomba, na umemwacha mume wako kule barabarani ili asikusikie. Sitakusomea Biblia, maana unaisoma kuliko mimi. Nitakuambia nilichofanya mimi nilipochoka.

Miaka ile ya hamsini mume wangu, Arap Koech, alifanya kazi katika shamba moja la majani chai huko Kericho. Tulikaa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, chumba kimoja, na mimi nilikuwa nachuma. Tulifunga ndoa kanisani, watu wa kwanza wa ukoo wake kufanya hivyo. Miaka saba ikapita. Kila Jumapili niliomba, na kila mwezi niliona damu, nikajifungia ndani kumnung'unikia Mungu.

Nilikuwa mtu wa haraka, usidanganywe na mkongojo huu. Nyapara wetu, Mkisii mmoja mpole, alikuwa akichagua majani katika kikapu changu na kuyatupa. "Mama, hii bado changa," ananiambia. "Si ungengoja raundi ingine?" Nami namnunia mpaka jioni.

Mume wangu hakuwa hivyo. "Wacha tungoje, Raeli," alikuwa akisema. "Mungu hajasema hapana." Niliuchukia upole wake. Nilidhani yeye haumii, kwa sababu hakulia mbele yangu.

Halafu mwezi mmoja damu haikuja. Ungedhani ningefurahi. Lakini nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba hata habari njema niliisoma vibaya. Nilijiambia, basi, tumbo limekauka, Mungu amemaliza na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mwezi wa pili ulipokosa pia, sikumwambia mtu. Nilimdanganya mume wangu kwamba naenda kumsalimia mama yake karibu na Sigor, na nilipofika nilimwambia mama mkwe kwamba niko tayari kuoa.

Ninyi wa siku hizi mnaisikia desturi hiyo kwa mbali. Kwetu sisi Wakipsigis, mama aliyepita umri bila mtoto wa kiume aliweza kuoa msichana kwa ng'ombe wa nyumba yake. Msichana anazaa na mwanamume wa pembeni, watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama, na mama mwenyewe anahesabiwa kuwa mwanamume. Tangu siku hiyo halali tena na mume wake. Siisemi vibaya desturi hiyo, ilifuta machozi ya akina mama wengi wazee. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya mwanamke wa miaka ishirini na saba aliyechoka kungoja. Wazee wa ukoo walisitasita wakaniuliza mara mbili. Nikawaapia kwamba tumbo langu limekwisha.

Msichana aliitwa Chepkoech, mtoto wa watu wa Longisa, mwenye miaka kumi na saba. Siku ya sherehe alinitazama muda mrefu, akijaribu kuelewa mimi ni nani kwake. Hata mimi sikuelewa vizuri.

Arap Koech alikuja mwisho wa mwezi akakuta mambo yamekwisha. Hakupiga kelele. Aliketi nje, akaweka kofia yake juu ya goti.

"Miaka hii yote nilikuwa naomba na nani?" aliniuliza.

Alirudi Kericho peke yake. Kanisa nalo likanizuia meza ya Bwana, na mimi kwa kiburi nikasema sawa.

Wiki chache baadaye nilikuwa nasugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa, kitu kikageuka tumboni mwangu. Nikaketi chini. Kikageuka tena. Nilijua, mwanangu. Nilikuwa na mimba tangu kabla sijaapa, tangu nikiwa bado mke wa mume wangu.

Hapo ndipo ningepiga magoti. Ningekwenda kwa wazee niwaambie nimekosea, wanicheke mwaka mzima, basi. Ningetuma habari Kericho. Lakini niliona aibu. Nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nahesabiwa mwanamume, na mwanamume mwenye mimba nani amewahi kumwona? Nikachukua kitambaa nikafunga tumbo, nikakaza. Kila asubuhi nilikaza zaidi. Nilibeba kuni na mitungi ya maji ili mtu asishuku. Hospitali ya misheni sikuenda. Na kuomba niliacha, kwa sababu ningesema nini? Asante kwa ulichonipa, sasa nisaidie kukificha?

Mtoto alikuja mchana, jua likiwa juu, na wakati wake bado. Nyumbani tulikuwa mimi na Chepkoech tu, na hakuwahi kuona mtu akizaa. Alifungua kile kitambaa, akaona alama zilizobaki mwilini mwangu. Alimpokea mtoto kwa mikono yake. Kisha akasema polepole, "Mama, anapumua."

Alikuwa mvulana. Angeweza kutoshea katika viganja viwili. Chepkoech alimweka kifuani pake, chini ya nguo, akaanza kusema sala niliyomfundisha mimi mwenyewe, akairudia na kuirudia. Mimi niligeukia ukutani. Sikuweza kumtazama Mungu wala mtoto. Ng'ombe walipokuwa wanarudi kutoka malishoni, Chepkoech alinyamaza, nami sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Mume wangu alipopelekewa habari akafika, tulikuwa tumeshazika. Aliomba kuonyeshwa mahali. Alisimama pale, kisha akaniuliza ilikuwa miezi mingapi. Nikamwambia sita. Alihesabu kwa vidole, akirudi nyuma, mwezi hadi mwezi.

"Kwa hivyo miezi sita nilikuwa baba," alisema, "na hakuna mtu aliniambia."

Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia mpaka leo nikiwa nachambua mboga. Hatukuishi pamoja tena. Desturi haikuruhusu, na mimi sikuthubutu kumwomba. Chepkoech alikuja kuzaa wavulana wawili, wanalima hapa mpaka leo, wananiheshimu sana. Kanisa lilinirudisha baadaye. Watu husema Mungu alinirehemu, na labda ni kweli. Lakini mtoto niliyemwomba miaka saba alikuja, na nilimfunga kitambaa. Naamini nimesamehewa, na bado inauma.

Sasa nisikilize. Siwezi kukuahidi kwamba ukingoja utapata. Nawajua waliongoja vizuri kuliko wewe wakazikwa bila mtoto, na sijui kwa nini. Hilo nitamwuliza Mungu mwenyewe nikifika. Ninalokuambia ni kwamba usimsemee Mungu. Akinyamaza, mwache anyamaze, usitangaze wewe kwamba amekataa. Kungoja kunaumiza, na unaweza kumwambia hivyo wazi, hata kwa kumlilia kwa hasira, maana maneno yako hayamfukuzi. Usiape ukiwa umekata tamaa. Usimwache mume wako alie peke yake huku ukidhani halii. Na ukishakosea, rudi siku hiyohiyo, uje na aibu yako yote jinsi ilivyo. Aibu haingeniua mimi. Nilikuwa mtu mzima, ningeivumilia. Aliyekufa ni yule ambaye hakuwa na kosa.

Inamisha kichwa nikuwekee mkono. Mungu aliyemsikia Hana, yule tasa wa Biblia, akusikie nawe. Akikupa, usiogope kupokea. Akikawia, akae karibu nawe katika huko kukawia, usibaki peke yako kama mimi nilivyobaki na ule ukuta. Na siku nitakapomwona yule mvulana, anisamehe kabla sijafungua kinywa. Amina.

Futa uso, mwanangu. Mume wako amesimama pale barabarani tangu asubuhi. Nenda umwambie yote uliyoniambia mimi.