Mikono Magotini Saa Sita

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ya miaka ya tisini ambayo kila nikiikumbuka naona aibu kwanza, halafu nashukuru. Siku hizi shukrani ndiyo kubwa.

Nilikuwa karani wa kompyuta hapa Ifakara, katika ofisi ndogo ambayo sasa imefungwa. Tuliandika habari za kaya: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, kila habari na kitabu chake humo kompyutani. Kompyuta zilikuwa mbili. Ya kwanza makarani waliingizia fomu kutwa. Ya pili, chumba cha pili, ilipokea kwa waya kila kilichoandikwa kwenye ya kwanza, na humo nilitengeneza orodha walizobeba wenzetu waliopita nyumba kwa nyumba, ili nisiwakwamishe makarani.

Mkubwa wetu, Mzee Damasi, mtu wa Mahenge, alikuwa na desturi yake. Ijumaa saa sita alisimama mlangoni akasema, "Mikono magotini." Kila karani alimaliza kaya aliyoishika, akaacha kuandika. Tulingoja kompyuta ya pili ipokee yote, kisha nikachomoa waya. Wenzangu waliendelea na kazi, nami nikabaki na nakala iliyotulia, vitabu vyote vya saa ileile. Nikimaliza narudisha waya, nayo inapokea yaliyoipita. Dakika tano tu, mwanangu, lakini ujana uliziona nyingi.

Ijumaa hiyo Mzee alikuwa kikaoni, na dada yangu alikuwa anaolewa Kidatu kesho yake. Nikitaka basi la saa saba, nikaanza mapema bila kumsimamisha mtu. Kitabu cha vifo nilikichukua saa tatu. Nikaenda kunywa chai. Kitabu cha kaya nikakichukua karibu na saa sita, waya ukiwa mahali pake. Katikati ya hapo mwenzangu alikuwa ameingiza fomu ya Mama Fides: amehama Kibaoni kwenda shambani ng'ambo ya mto, na binti yake mdogo, Yusta, amefariki. Orodha yangu ikajua nyumba mpya, haikujua msiba. Niliichapa nikakimbilia basi, na harusini nilicheza sana, sifichi.

Jumatatu mwenzetu mmoja alifika kwa mama yule, akasalimu, akaketi, akaanza kuita majina ili kila mtu aitike. Akaita Yusta.

Mama alimwambia asikanyage tena pale, na majirani nao wakaanza kutufungia milango. Mzee Damasi alikagua orodha, akaniita. Nilijua kazi imeniponyoka.

"Dada yako alipigwa picha ya harusi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Bwana harusi walimpiga asubuhi, bibi harusi jioni, wakawaunganisha?"

"Hapana, Mzee."

"Basi chukua baiskeli. Tunavuka mto."

Njia nzima hakunigombeza, na nilitamani angenigombeza. Tulipofika alivua kofia. "Mama, kosa ni la ofisi yangu," akasema, bila kunitaja. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini sikuweza kumwona mzee yule akila langu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Niliyekosea ni mimi." Nikamweleza yote, mpaka chai na basi.

Mama akaniuliza, "Kwa hiyo kwenye mashine yenu siku hizo alikuwa mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Mngeniletea mimi siku hizo."

Nililia. Naye alijifuta uso kwa khanga, akaagiza mkeka uletwe. "Kaeni. Soma majina upya." Nikasoma taratibu, wakaitika mmoja mmoja. Nilipomaliza, akasema, "Haya. Ndio sisi hao."

Kazi sikufukuzwa. Ijumaa iliyofuata Mzee alinipa mimi kusimama mlangoni, na kwa miaka yote niliyobaki pale mikono ilikwenda magotini kwa sauti yangu.

Mwanangu, habari za watu usizichukue vipande vipande huku zinabadilika, ukaziita ukweli. Simamisha kwanza, ngoja zitimie, kata waya, ndipo utengeneze orodha yako. Na ukikosea, usitume barua. Vuka mto ukaseme kwa kinywa chako. Mungu akupe mkubwa wa kuvuka nawe kama alivyonipa mimi. Na kila nyumba utakayoiandika, ikisomewa, waseme ndio sisi hao.